Kalamu na Brashi: Waandishi na Wachoraji wa Watoto, na Deni la Pwani ya Ruvuma

Kwa sehemu kubwa ya historia ya vitabu vya watoto vya Kiswahili, aliyeandika hadithi na aliyeichora hawakujuana hata kwa sura. Mwandishi alikabidhi mswada wake, mhariri akamtafuta mchoraji, na wawili hao wakaja kukutana kwenye jalada kama abiria wa chombo kimoja waliopandia bandari mbalimbali. Mara nyingi hata hapo hawakukutana, kwani jina la mchoraji halikuandikwa. Hiyo ndiyo sababu ya furaha inayoonekana kila waandishi na wachoraji wa watoto wanapokaa chumba kimoja kwa siku nne au tano: watu wanaonekana kukutana na ndugu waliyeambiwa tu kwamba yupo. Furaha hiyo si ya jana, ina historia yake, na historia hiyo husomeka vizuri zaidi ikiangaliwa kutoka kusini, kutoka Mtwara na mikoko ya mlango wa Ruvuma, ambako kinywa cha kusimulia na mkono wa kuumba sura havikutenganishwa ila na karatasi.

Wamakonde wana hadithi ya asili yao ambayo wageni waliiandika mapema sana. Mtu mmoja aliyeishi peke yake porini alichonga sanamu ya mwanamke kwa kipande cha mti, akaisimamisha karibu na kibanda chake. Usiku sanamu ikapata uhai, ikawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa karibu na mto, hakuishi. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye hakuishi. Walipofika kwenye uwanda wa juu, wa tatu akaishi, na kutoka kwake ukatoka umma. Ukiitazama vyema, hadithi hii haina nafasi ya kuuliza kipi kilitangulia, neno au sura, kwa kuwa sura yenyewe ndiyo tukio la kwanza la hadithi. Vivyo hivyo katika ngoma ya mapiko: kinyago kilichochongwa huvaliwa, huchezwa, huimbiwa, na watazamaji humjua mhusika kwa uso wake kabla hajatenda lolote. Mtoto anayekulia Newala au Kitaya hupata hadithi, wimbo na sanamu kwa pamoja, hata asijue kwamba watu wengine huvipata kimoja kimoja.

Karatasi ilikuja kwa njia mbili, na njia zote mbili zilitenganisha.

Njia ya kwanza ilianzia Unguja. Edward Steere wa misheni ya Kiingereza iliyohamia Unguja mwaka 1864 alisikiliza wasimulizi wa mjini, akaandika waliyosema, na mwaka 1870 akachapisha London kitabu chake cha hadithi za Kiswahili. Ndimo walimohifadhiwa Sungura na Simba, Sultani Darai na Punda wa Dobi, ambao vizazi vya wanafunzi wamewasoma bila kujua walikotoka. Kazi ile ilikuwa kubwa, na lugha yake ingali tamu. Katika matbaa ya misheni hapo Unguja, baadhi ya waliojifunza kupanga herufi walikuwa vijana waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mwaka 1876 Steere aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka Unguja, wakashukia Lindi, wakapanda hadi Masasi, na pamoja nao vikapanda vitabu. Hivyo watoto wa kusini walioingia shule ya kwanza walikutana na hadithi za kisiwani katika herufi nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Hadithi zilisafiri, nyuso za waliozisimulia na nyimbo zilizozipamba zikabaki Unguja.

Njia ya pili ilipita katikati ya Mtwara yenyewe. Mwaka 1906, moshi wa Vita vya Maji Maji ukiwa bado haujatulia kusini, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka kutoka Lindi hadi Masasi, Newala na Mahuta akiwa na kamera, chombo cha kunasia sauti, na shehena ya karatasi na penseli. Penseli zile aliwagawia watu, akawataka wachore. Wakachora. Pesa Mbili, mmoja wa watu wa msafara wake, alichora msafara wenyewe ukiwa njiani. Barnaba, Mmwera msomi wa Lindi, naye aliacha michoro yake. Picha hizo zilitoka katika kitabu alichokichapa Weule mwaka 1908. Mwaka uliofuata kikatolewa kwa Kiingereza, na aliyekifasiri ni Alice Werner, yule yule ambaye wapenzi wa tenzi wanamkumbuka kwa toleo la utendi wa Mwana Kupona alilolitoa pamoja na William Hichens mwaka 1934. Dunia ya watu wa Kiswahili ilikuwa ndogo hata wakati ule.

Weule, kwa mazoea ya wataalamu wa zama zake, aliitazama michoro ile kama kipimo cha akili za watu, si kama sanaa yenye hadhira. Haikumpitia kwamba msafara wa Pesa Mbili ungeweza kukunjwa katikati, kushonwa na kutiwa maneno machache, ukawa kitabu cha mtoto wa Mikindani. Picha zikaenda Leipzig. Basi ndani ya miaka arubaini hivi karatasi ilikuwa imechukua hadithi kutoka Unguja bila picha, ikachukua picha kutoka kusini bila hadithi, na kila kimoja kikawekwa kabati lake.

Ukoloni ulipochukuliwa na Waingereza mambo hayakubadilika sana. Vitabu vya kusomea vililetwa kama vitabu vya kufundishia silabi. Picha ndani yake ilikuwa pambo, aghalabu imechorwa na mtu asiyewahi kuona mkorosho. Hata kukutana kwa watu wa kalamu kulikuwa na ubaguzi wake. Mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere mwezi Juni 1962 uliwaita wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika Adili na Nduguze, kitabu kilichosomwa na watoto wengi kuliko karibu chochote kilichojadiliwa pale, hakuwamo. Alifariki mwezi huo huo. Wachoraji ndio hawakufikiriwa kabisa.

Ajabu ni kwamba miaka ile ile, kusini ilikuwa ikiwatoa watu ambao mikono yao ingekuja kuipa Tanzania sura yake mbele ya ulimwengu. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Mnamo mwaka 1968 alianza kupaka rangi za dukani juu ya vipande vya ubao jijini Dar es Salaam, na alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 alikuwa amekwisha kuacha wanafunzi na mtindo wenye jina lake. George Lilanga, Mmakonde aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alijifunza kuchonga utotoni kwa mihogo kabla ya kukabidhiwa mpingo. Miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam kama mlinzi, akatoka humo msanii. Mashetani wake wenye masikio makubwa na midomo ya kucheka yalimfikisha kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani. Kila anayeyatazama huona kwamba ni wahusika wa hadithi za watoto: yanagombana, yanapika, yanabebana, yanaanguka. Yaliuzwa kwa watu wazima, yakatundikwa ukutani.

Watoto wenyewe wakati huo hawakuwa na kitabu. Serikali ya Uhuru ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967, na kampeni za elimu kwa wote za miaka ya 1970 zilijaza madarasa. Kisha uchumi ukaanguka. Uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma yasiyo na karatasi wala wino wa kutosha, na kitabu cha hadithi, kisicho cha kiada, kilikuwa cha kwanza kukatwa. Taifa likawa limewafundisha watoto kusoma, kisha likakosa cha kuwapa wasome.

Hapo ndipo lilipozaliwa jambo ambalo ndilo hasa kiini cha maelezo haya. Mwaka 1991, mwaka ambao serikali ilianza kufungua mlango wa uchapishaji kwa kampuni binafsi, ulianzishwa Dar es Salaam Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza na wenye hekima nyingi. Mchapishaji alileta mswada. Ukikubaliwa, alichapa nakala 5,000, na Mradi ukanunua 3,000 kati ya hizo na kuzipeleka shuleni na maktabani. Nakala 2,000 zilizobaki alizitafutia soko mwenyewe. Mchapishaji hakuogopa tena hasara, shule ilipata vitabu, na mwandishi aliona kazi yake ikisomwa. Kampuni changa kama Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, na E&D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga, zilikua katika hali ya hewa hiyo. Kabla Mradi haujatimiza robo karne, vitabu ulivyovisaidia vilikuwa vimepita 200.

Lakini fedha peke yake hazitungi hadithi. Tangu mwanzo Mradi uliandaa warsha za waandishi, za wachoraji, za wahariri na za walimu, na humo ndimo kalamu na brashi zilipoanza kuzoeana.

Anayeijua mikutano ya namna hii, iwe imeitwa warsha, semina au kongamano, anajua inavyokwenda. Asubuhi ya kwanza watu hukaa kwa heshima, kila mmoja na bahasha yake, na hotuba za ufunguzi ni ndefu kama kawaida ya hotuba zetu. Mchana miswada huanza kusomwa kwa sauti. Hapo ndipo mambo hugeuka. Mtu mzima, mwalimu mkuu pengine, aliyesimama kwa makini kusoma kisa cha kobe, hufika mahali penye wimbo, akasita, kwa sababu wimbo haukuandikwa ila kwa maneno yake tu. Anaombwa auimbe. Anauimba, na chumba kizima kinamwitikia, maana wimbo ule, kwa tofauti ya neno moja au mawili, uliimbwa kwa nyanya wa kila mmoja wao, Pemba, Kilwa na Masasi. Mchoraji aliyekaa nyuma amekwisha kuinamia karatasi. Amesikia wimbo, na kobe wake sasa ana mwendo ambao mswada pekee usingempa.

Furaha ya pili ni ya kazi yenyewe. Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia hukunjwa na kukatwa, kwa hiyo kitabu cha picha hakiwi na kurasa zozote mtu azitakazo: huwa 16, au 24, au 32. Mwandishi hujifunza kuigawa hadithi yake katika kurasa hizo, akakunja vipande vya karatasi na kutengeneza kitabu kidogo cha mfano, ili aone nini kitasemwa wapi. Mpenzi wa ushairi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kurasa 24 ni mizani. Kugeuza ukurasa ni kama kuvuka kutoka ukwapi kwenda utao, na pale msomaji mdogo anapojua kwamba akigeuza atalikuta tena lile neno analolingoja, pana kibwagizo. Mshairi aliyezoea kutafuta silabi nane za kumkifu huingia katika kazi hii akiwa na silaha, na si ajabu kwamba watunzi wazuri wa vitabu vya watoto mara nyingi ni watu wenye sikio la ushairi. Ugumu wa mshairi ni mwingine: hapendi kufuta. Mchoraji humwonyesha picha ya mtoto aliyejificha nyuma ya mtungi, macho tu yakionekana, naye mwandishi huona sentensi yake nzuri ya kueleza hofu ya mtoto haina kazi tena. Anaifuta kwa uchungu. Kesho yake anafuta nyingine kwa furaha.

Na kuna ugomvi, nao ni sehemu ya raha. Aliyekulia bara huweza kuchora korosho ndani ya bibo kama kokwa ndani ya embe. Mtu wa Mtwara hawezi kunyamaza: korosho huning'inia nje, chini ya bibo, na mtoto yeyote wa Nanyamba aliyewahi kuzichuma atakicheka kitabu kizima kwa kosa hilo moja. Mwandishi akisema chombo kimetweka tanga, mchoraji anapaswa kujua kama ni jahazi au ngalawa, na kama ni ngalawa, mirengu iko wapi. Kiboko wa mlango wa Ruvuma huonekana karibu na maji ya chumvi, mahali ambapo mto, mikoko na bahari hukutana, ndani ya eneo ambalo tangu mwaka 2000 ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mchoraji aliyesoma kwamba kiboko ni wa ziwani atasema haiwezekani. Mabishano haya, ambayo kwa barua yangechukua miezi na pengine yasingetokea kabisa, humalizwa kabla ya chai ya saa nne. Vitabu vingi vina makosa madogo yanayomwambia mtoto wa pwani kwamba havikuandikwa kwa ajili yake. Dawa ya makosa hayo haijapatikana iliyo bora kuliko kuwakalisha watu pamoja.

Ulimwengu nao ulilifahamu jambo hili kwa kuchelewa. Mwaka 1946, katika Ujerumani iliyobomolewa na vita, Jella Lepman alikusanya Munich vitabu vya watoto na michoro kutoka nchi nyingi na kuvionyesha kwa watoto waliokuwa hawana mkate wa kutosha. Mwaka 1951 aliita mkutano mjini humo, na mwaka 1953 likazaliwa Zurich baraza la kimataifa la vitabu vya vijana, IBBY, ambalo tuzo yake kubwa sasa humwendea mwandishi na mchoraji kwa hadhi sawa. Waandishi wa watoto wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1971, Los Angeles. Baadaye jina lake likawataja wachoraji pia. Mkutano mkuu wa IBBY haukufika Afrika hadi Septemba 2004, Cape Town, zaidi ya nusu karne tangu kuasisiwa kwake. Harare iliwahi kutangulia kidogo, kwani maonyesho yake ya vitabu ya mwaka 1998 yaliuweka mjadala wa watoto na vitabu mbele ya yote.

Mtwara ilikuwa mbali zaidi ya Cape Town. Huo si utani. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa mita zipatazo 970 juu ya Rufiji, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko, na masika yakikaza barabara ilifungwa. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikawia kutiwa lami hadi miaka ya 2010. Kwa mwalimu wa Msimbati mwenye daftari la hadithi, mwaliko wa warsha ya siku tano jijini ulimaanisha wiki mbili nje ya darasa na nauli asiyoijua angeirudishiwa lini. Mradi wenye makao Dar es Salaam, hata ukiwa na nia njema kiasi gani, huvuna kwanza kutoka Dar es Salaam. Hivyo kusini ikaendelea kuingia vitabuni kwa mtindo wa Weule: kwa rangi zake, bila sauti yake.

Mfano mzuri wa namna nyingine ni John Kilaka. Si mtu wa kusini. Alizaliwa Sumbawanga mwaka 1966, akajiunga na wachoraji wa Tingatinga Dar es Salaam. Yeye huandika na kuchora mwenyewe, na visa vyake huvitafuta kwa wasimulizi wa vijijini. Wanyama wake, waliovaa kanga na fulana, wakiuza samaki, wakigombea mti wa matunda, walichapishwa Uswisi kuanzia mwaka 2001 na kufasiriwa katika lugha kadhaa. Kwa mtu kama yeye, kalamu na brashi ziko katika mkono mmoja na kongamano si lazima. Watu wa aina hiyo ni wachache. Jambo la kusikitisha kidogo ni kwamba mtoto wa Basel aliweza kukipata kitabu cha Kilaka kwa wepesi kuliko mtoto wa Mikindani, na kitu kinachoeleza sababu ni bei ya rangi. Kitabu cha rangi nne, karatasi nzito, nakala chache, hakinunuliki na mzazi anayengoja malipo ya korosho. Ndiyo maana vitabu vingi vya nyumbani vilichapwa kwa michoro ya wino mweusi, na wachoraji wetu wakawa mabingwa wa mstari.

Mwaka 2016 kusini ilipata zamu yake, na kwa bahati nzuri ilikuwa zamu moja na visiwa. Mradi wa Tusome Pamoja, uliogharimiwa na Marekani kupitia shirika la USAID, ulichagua mikoa ya Iringa, Morogoro, Ruvuma na Mtwara pamoja na Zanzibar, ukapeleka vitabu vya kusoma vya madarasa ya mwanzo hadi 2021. Uliofuata, Jifunze Uelewe, uliendelea katika maeneo yale yale. Kwa mara nyingine tangu Steere, mtoto wa Unguja na mtoto wa Masasi walisoma vitabu vya aina moja, safari hii vyenye picha. Wakati huo huo shirika la Room to Read, lililoanza kazi zake nchini mwanzoni mwa miaka ya 2010, lilikuwa likifanya kazi kwa utaratibu wa kuwafundisha waandishi na wachoraji wazalendo kwa pamoja.

Mtu wa Mtwara aliyeishi miaka ya kutosha huvitazama vitu vinavyoletwa kutoka nje kwa jicho la mtu aliyewahi kuona reli ikijengwa na kung'olewa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951. Uliacha bandari nzuri, na njia ya reli ya kwenda Nachingwea ambayo mwaka 1962 iliondolewa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na mwaka 2013 watu walipata majeraha na wengine kupoteza maisha katika ghasia za kupinga bomba la kuipeleka Dar es Salaam. Bomba lilikamilika mwaka 2015. Kwa hiyo misaada ya USAID iliposimamishwa ghafla mapema mwaka 2025, na shirika lenyewe kufungwa mwezi Julai, hapakuwa na sababu ya mshangao mkubwa. Vitabu vilivyokwisha kufika vilibaki kwenye makabati. Kilichokatika ni kile kisichoonekana kwenye kabati: kuitwa, kukutana, kusomeana.

Serikali kwa upande wake ilianzisha Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye ikaongezwa nyanja ya hadithi za watoto. Ni hatua ya kupongezwa, na washairi wa visiwani wana haki ya kuifurahia kuliko wote. Jina lake, hata hivyo, lataja uandishi tu, na hadithi ya mtoto wa miaka sita isiyo na mchoraji ni nusu ya kitabu.

Ng'ambo ya Ruvuma, katika majimbo ya Cabo Delgado na Niassa, asasi ya Progresso ya Msumbiji ilifanya kazi ya kusomesha kwa lugha za wenyeji, na mwaka 2015 ilipata tuzo ya UNESCO ya Mfalme Sejong. Kimakonde kinazungumzwa pande zote mbili za mto, na Kimwani cha pwani ile ni jamaa wa karibu wa Kiswahili. Msikilizaji wa Kilwa hukisikia kama ndugu aliyekulia ugenini. Tangu vita vilipozuka Cabo Delgado mwaka 2017, na hasa baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, familia zilivuka mto kuja upande wa Tanzania. Hata kijiji cha Kitaya, upande huu, kilishambuliwa Oktoba 2020. Watoto waliovuka walikuja na lugha, nyimbo na visa, na si rahisi kwao kuvikuta katika kitabu chochote cha shule walizoingia.

Mambo yanayohitajika ili kongamano la waandishi na wachoraji wa watoto likutane Mtwara yenyewe si makubwa. Barabara ya lami ipo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2000 mji umekuwa na tamasha lake la MaKuYa, linalokusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao, kwa hiyo wanaojua mahali pa kumlaza mpiga ngoma wanajua mahali pa kumlaza mchoraji. Wachonga vinyago wapo, na pengine wao ndio wangepaswa kuketi viti vya mbele, kwani tayari wanachora kwa patasi. Kutoka Unguja washairi wangevuka na miswada yao, kwa njia ile ile ya Lindi au kwa ndege. Shule ya msingi iko karibu na kila ukumbi wa mji ule, na watoto wake wangekuja kusomewa siku ya tatu, kama ilivyo desturi, na kusema bila haya ni hadithi ipi iliyowachosha. Mtu mmoja angeweza kuja na nakala ya michoro ya mwaka 1906, ile ya Pesa Mbili na ya Barnaba, akaiweka mezani pamoja na penseli, na kumwomba mtunzi wa kwanza atakayeketi aiandikie maneno.